Miezi Saba ya Kupatana Bei

Watu wa Masaka, pembeni mwa Kigali, wakimwelekeza mgeni kwangu huanza na nyumba. "Ile ya bati la kijani, aliyojijengea mwenyewe." Wanasema kweli. Nilivuka mpaka wa Rusumo nikiwa na begi moja, seti ya bisibisi, na diploma yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyoifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni isije ikalowa. Sikuwa na shangazi wa kunipokea wala mjomba ofisini. Nilianza kwa kutengeneza friji za vioski, nikizisukuma kwenye toroli la kukodi. Leo nina karakana yangu Gikondo, na mfanyabiashara ambaye chumba chake cha baridi kimezimika huku samaki wamejaa ndani, akiuliza amwite nani, hutajiwa mimi. Nimevipata kwa jasho, kwa hiyo navitaja kwa sauti.

Nayasema haya mwanzoni ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kushindwa na kitu. Kikinishinda leo, kesho nakirudia na kifaa kingine. Ila lipo jambo moja nililolirudia kwa kila kifaa nilichokuwa nacho, miaka minne, na halikufunguka. Nilitaka mke wangu aseme Kiswahili na mimi, na aseme Kiswahili na mama yangu.

Lazima nieleze kwa nini lilinisumbua hivyo. Baba yangu alikuwa Mnyarwanda aliyekimbilia Tanzania. Mama yangu ni Msukuma wa Kahama. Baba hakujua Kisukuma, mama hakujua Kinyarwanda, kwa hiyo walipendana, wakagombana na kunilea kwa Kiswahili. Sijui mapenzi yanasikikaje kwa lugha nyingine. Baba akirudi jioni, mama alitoka hadi mlangoni akamwambia, "Pole na kazi, baba," akampokea alichobeba, hata kama ni gazeti tu. Kigali nimesalimiwa vizuri na watu wengi, na Kinyarwanda kina maneno yake mazuri ya kumpokea mtu. Lakini nikifika nyumbani nimechoka, sikio langu bado hungoja yale.

Kinyarwanda nilijifunza ukubwani, na nilijifunza haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wiki yangu ya tatu hapa, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulikaa kwenye nyasi kwa mkutano kama ilivyo desturi. Kiongozi akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikaeleza kwa Kinyarwanda changu cha wiki tatu kwamba mtaro tuliochimba utarudisha maji kwenye nyumba za watu. Walicheka hadi mzee mmoja akaegemea jembe lake asianguke. Nikacheka nao, nikaendelea. Mwezi uliofuata mtaro ulichimbwa upya, upande niliosema mimi. Haukupita mwaka, wateja kwenye simu wakawa wananiuliza kama mimi ni mzaliwa wa Kibungo, mashariki mwa Rwanda.

Ndiyo maana sikumwelewa mke wangu. Yeye amezaliwa na kukulia hapa, na ni mwerevu kunizidi katika mambo mengi, nakiri. Kiswahili anakisikia vizuri kabisa. Tukitazama tamthilia ya Tanzania kwenye televisheni, yeye hucheka kabla yangu. Lakini nikimsemesha kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kinyarwanda. Si kwa ukali. Hunijibu kama mtu anayekupokea mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una unga.

Na mama alikuwa anangoja Kahama.

Magoti ya mama yalimkatalia safari ya basi, kwa hiyo harusi yetu aliiona kwenye picha. Baadaye nilimpeleka mke wangu Kahama kwa siku tatu. Wakamenya karanga pamoja uani, mama akisema na mke wangu akitabasamu, mama akisema na mke wangu akitabasamu, mpaka debe likajaa. Tuliporudi Kigali ikabaki simu ya Jumapili. Nilipiga mimi, nikazungumza, kisha nikampa mke wangu simu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mnaendeleaje huko? Mvua zinanyesha?"

Mke wangu aliinamisha kichwa kama vile mama yuko mbele yake, akanirudishia simu. Jumapili ngapi zimepita hivyo!

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu mama akaniambia habari ya sikio. La kushoto lilikufa zamani. Sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba la kulia nalo linafunga polepole, na hakuna la kufanya ila kungoja.

"Baba," akaniambia, maana mama huniita baba, "nataka nimsikie mkwe wangu kabla hili halijafunga. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti sina."

"Nitamrekodi nikutumie, mama."

"Urekodi nini? Shikamoo?"

Basi nikaingia kazini. Nilinunua daftari la kurasa themanini nikaandika sentensi za matumizi ya nyumbani, kwa mwandiko wangu ambao hata mwalimu wangu wa michoro ya umeme aliusifu. Nikabandika nyingine kwenye mlango wa friji. Nikaweka saa ya somo, kila Jumanne na Alhamisi baada ya chakula. Mke wangu alikaa, akanakili yote bila kosa, akafunga daftari. Nilipomwambia asome kwa sauti, alikumbuka sufuria jikoni.

Mwisho nikaona nimwandikie kabisa la kusema. Ukurasa mmoja, wenye salamu, habari za kazi, mvua, na maneno ya heshima. Nilifanya kazi safi. Jumapili akaushika ukurasa kwa mikono miwili, nikamshikia simu, akasoma kuanzia juu hadi chini bila kupumua. Alipomaliza, mama akasema, "Mwambie mwandishi wa risala kwamba mimi si mgeni rasmi."

Mke wangu alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Ukurasa ule nilikuwa nimeupenda.

Mke wangu ana duka la vitenge Remera, katika safu ya maduka karibu na kituo cha mabasi. Dukani kwake nilikuwa siendi mchana. Kazi zangu ziko Gikondo, na nikienda huwa ni jioni, kumsaidia kushusha mlango wa chuma. Siku moja nilifuata kipuri cha kompresa ya friji kwa mtu wa Remera, na kwa kuwa mvua ilikuwa inaanza, nikakata kona ili nijikinge kwa mke wangu.

Nilisikia sauti kabla sijafika mlangoni. Sauti ya mwanamke mwenye duka, ya juu, yenye kucheka ndani yake.

"Angaria, mama, angaria vizuri! Hii haichuji. Ukifua mara mia iko vilevile. Wewe utachuja mbele yake!"

"Wewe mama unaniua na hiyo bei," akasema mteja, Mkongo kwa lafudhi yake.

"Nikikuua, kesho nitamuuzia nani? Haya, shika. Shika tu, kushika iko bure."

Nilisimama chini ya upenu wa duka la jirani, maji yakinirukia viatuni. Alikuwa mke wangu. Amenipa mgongo, kiganja kiunoni, kitenge begani, anazungumza Kiswahili. Kiswahili kilichopinda hapa na pale, cha Kigali na cha Goma kwa pamoja, lakini kinakwenda, hakisimami, kina mizaha. Mteja aliondoka akiwa amekasirika. Mke wangu akamwacha aende, akamwacha avuke kizingiti, ndipo akamwita, "Mama! Rudi, nina neno." Mteja akarudi.

Sikuingia. Nililowa hadi Gikondo kwenye pikipiki. Nilikuwa nimemwoa mwanamke mmoja, na pale Remera palikuwa na mwingine, mchangamfu, mwenye ulimi, na huyo alikuwa anazungumza lugha ya mama yangu na kila mpita njia.

Jioni, tukipanda kilima kutoka barabarani kwenda nyumbani, yeye ndiye alianza. Nayaandika kwa Kiswahili, ila aliyasema kwa Kinyarwanda.

"Leo umekuja dukani. Nilikuona kwenye kioo."

"Nilikusikia."

"Na ukaondoka."

"Nilikuwa na kazi."

Akatembea kidogo. "Unadhani nakunyima," akasema.

"Si unaninyima? Wakongo wote wa Remera unawapa."

"Kile si Kiswahili chako. Nilikiokota dukani, na kila neno nililookota nililiokota kwa ajili ya kuuza. Najua kusifu kitambaa kibaya. Najua kumwambia mtu amependeza na hajapendeza. Najua kumkatalia mtu bila kumfukuza. Sasa unataka nimsemeshe mama yako kwa ulimi huo?"

"Ni lugha ileile."

"Kwako wewe. Kwako ina asubuhi, ina jioni, ina kuumwa na kupona. Kwangu ina bei tu." Akahamisha mkoba bega la pili. "Halafu kwetu mukazana, mke wa mwana, akisema na nyirabukwe hushusha sauti. Mke wa mtu hamsemeshi mama mkwe kama anaita abiria. Na mimi Kiswahili cha kushusha sauti sijawahi kukisikia. Nilikuta kinapigiwa kelele."

Nikamuuliza, "Na mimi? Mimi si mama mkwe."

Akacheka kidogo. "Wewe ndiyo zaidi. Nisije siku moja nikakuambia nakupenda, ukasikia kama naongeza bei."

Tulifika nyumbani. Alitangulia ndani kuwasha jiko, nami nikabaki kwenye ngazi za baraza nikivua viatu muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Jumapili nilimweleza mama yote, nikisema polepole na kwa nguvu ili sikio la kulia lishike. Nilitegemea anionee huruma. Yeye aliuza dagaa na karanga katika soko la Kahama tangu sijazaliwa hadi magoti yalipokataa, na alichosikia katika maelezo yangu kilikuwa kingine kabisa.

"Anauza vitenge. Na hashushi bei?"

"Hashushi."

"Hata mteja akiondoka?"

"Humwacha aondoke. Akishavuka mlango ndipo humwita."

Nilisikia kiti chake kikilia, akikaa vizuri.

"Akishavuka mlango," mama akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa binti yake ameposwa na watu wa maana. "Mimi nilikuwa nawaacha wafike meza ya pili. Nipe namba ya duka."

"Mama, hatazungumza na wewe. Nimekueleza sababu."

"Nani amesema nataka mazungumzo? Nataka kitenge."

Jumatano ile nilikuwa dukani kwa mke wangu, juu ya ngazi, nikifunga feni ya darini. Fundi wa umeme nisingemwita, mimi ninayefunga viyoyozi vya hoteli! Simu yake ilikuwa mezani, sauti ikiwa wazi kama anavyoiweka siku zote, kwa sababu mikono yake huwa katika vitambaa. Ikaita. Akabonyeza kwa kiwiko.

"Allo, karibu dukani."

"We mwenye duka! Una vitenge vya waksi?"

"Iko, mama. Iko mingi. Unataka rangi gani?"

"Ya mtu mzima. Isiyopiga kelele."

Nilimwona akisimama na kitambaa mkononi. Sauti ya mama yangu ukiisikia mara moja huisahau, ina mkwaruzo wa mtu aliyeita wateja miaka arobaini. Mke wangu akainua macho kunitazama pale juu. Nikatikisa kichwa kwamba mimi simo, ingawa nilikuwamo.

"Mbona kimya?" mama akasema. "Mmefunga?"

"Hatujafunga, mama."

"Basi nitajie bei."

Nilingoja ashushe sauti. Nilingoja aseme shikamoo na anirushie simu juu ya ngazi. Mke wangu akavuta pumzi, akataja bei. Na haikuwa bei ya kawaida. Ilikuwa ya juu, juu kuliko ile aliyomtajia Mkongo, bei ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege.

Nusura niangushe feni. Mama mzazi wa mumewe, aliyemzaa mtu aliyelifungua duka hilo kwa pesa yake ya kwanza, anatajiwa bei ya mtalii! Nikafungua mdomo niseme mpe bure, ni mama. Mke wangu akainua kiganja kunielekea, bila kunitazama.

"Ee!" mama akapiga kelele kutoka Kahama. "Kitenge hicho kinapika chenyewe?"

"Hakipiki, mama, lakini ukikivaa utapikiwa."

"Na nani? Mtoto wangu yuko huko kwenu anatengeneza mafriji."

"Basi mtoto wako atalipa, iko na pesa."

Mama alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akicheka namna ile, kicheko cha sokoni, cha tumbo. Akataja bei yake, ndogo ya matusi. Mke wangu akasema kwa bei hiyo atampa uzi. Wakaendelea hivyo robo saa, mimi nikiwa na skrubu tatu mdomoni. Mwisho mama akasema, "Nitafikiria. Nitapiga wiki ijayo. Usimuuzie mtu."

"Siuzi, mama. Lakini fikiria mbio, bei inapanda."

Alipokata, mke wangu alikaa juu ya mzigo wa vitambaa akajipepea kwa daftari la duka. Nikamuuliza kwa nini hakumpa mama kile kitenge. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyepigilia msumari kwenye bomba la gesi ya friji.

"Ningempa bure," akasema kwa Kinyarwanda, "angesema asante, nami ningesema karibu, tungekuwa tumemaliza."

Nina diploma, na hilo sikuliona. Yeye aliliona palepale, akiwa ameshika kitambaa.

Kupatana bei kwao kulichukua miezi saba. Kila Jumatano mchana, wakati Remera imepoa na wateja hawapo, mama alipiga. Mwanzoni ilikuwa kitenge tu. Lakini katika kupatana bei kila kitu cha maisha huwa hoja. Mama akisema magoti yanamuuma, ilikuwa ili apunguziwe. Mke wangu akimjibu kwamba kodi ya fremu imepanda na mvua zimewazuia Wakongo kuvuka, ilikuwa ili asipunguze. Hivyo kila mmoja akajua mwenzake anaumwa wapi, anakula nini, amelala saa ngapi, na hakuna aliyelazimika kuuliza.

Karakana yangu ikaanza kukosa vipuri kila Jumatano. Nilivifuata Remera. Jirani wa duka, muuza chaja za simu, ana benchi nje. Nilikaa hapo nikiwa nimeupa mlango mgongo. Sauti ya mama hainifikii vizuri pale, ila ya mke wangu ilinifikia yote, kwa sababu sikio la kulia lilihitaji sauti kubwa, na sauti kubwa ndiyo Kiswahili chake kilikuwa nayo.

Jumatano moja nilimsikia mama pia, maana naye alipaza.

"Mume wangu amekufa, nipunguzie!"

"Pole, mama. Na mimi mama yangu amekufa nikiwa mdogo, uniongezee!"



"Mdogo kiasi gani?" mama akauliza.

"Nilikuwa bado nabebewa mtungi. Sikufika mahali pa kumsaidia kitu."

"Nimepanda bei," mama akasema. "Kidogo. Kwa ajili ya huyo."

Habari ya mama yake nilikuwa naijua. Aliniambia tulipokuwa tunajaza fomu za ndoa, kwa Kinyarwanda, kwa sentensi moja, na kalamu ikaendelea. Kuhusu mtungi hakuwahi kunieleza. Nilikaa kwenye benchi la muuza chaja nikitamani niwe upande wa pili wa ile simu, niwe bibi mwenye sikio moja, niulize mdogo kiasi gani.

Nilijaribu. Siwezi kukaa bila kujaribu. Jumamosi moja niliingia dukani nimevaa shati zuri, nikashika kitenge cha kwanza nilichokiona, nikasema kwa Kiswahili, "Mama, hiki bei gani?"

Mke wangu akanitazama kuanzia kiatu hadi kola. "Wewe hununui," akajibu kwa Kinyarwanda, akakirudisha kitenge mahali pake.

Kweli, nilikuwa sinunui.

Mwezi wa saba mama alianza kusema, "Sema tena." Mke wangu alirudia. "Sema tena, mwanangu." Akapaza hadi safu nzima ya maduka ikajua bei ya kitenge kile, na muuza chaja akaniuliza kama huyo mteja ni kiziwi. Nikamwambia ni mama yangu. Akaomba radhi, nikamwambia hakuna ubaya, ndivyo ilivyo.

Jumatano ya mwisho niliacha benchi nikasimama mlangoni. Mama alikuwa anasema peke yake. Alitaja bei yake, akangoja kidogo, kama anayekisia mtu amejibu nini, akapanda. Akangoja, akapanda tena. Mke wangu alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, uso juu ya simu, anaita, "Mama! Mama, wacha! Nakupa bure! Bure, mama!" Mama hakusikia hata neno. Alipanda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye bei ileile ya kwanza, ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege.

"Basi," akasema. "Umeshinda. Nifungie."

Akakata. Huwa anakata vile, bila kuaga.

Mke wangu alikifunga kitenge kwa karatasi, akakifunga tena kwa nailoni, akaandika jina la mama kwa mwandiko mkubwa, nami nikakipeleka kwenye basi la Kahama. Baada ya siku nne jirani wa mama alituma picha. Mama amekaa uani, kitenge mabegani, mkono umeshika sikio la kulia, sijui kwa mazoea au kwa ajili ya picha. Simu za Jumapili sasa nazungumza na huyo jirani. Humwandikia mama kwenye kibao, mama husoma, hujibu kwa kelele, na jirani hunirudishia. Ni sawa. Si sawa, lakini ni sawa.

Jumatano mke wangu bado huiacha simu mezani sauti ikiwa wazi. Sijamuuliza.

Jumamosi iliyopita, baada ya umuganda, tulifungua duka pamoja kwa kuwa mzigo mpya ulikuwa umefika. Vitenge vya yadi sita hukunjwa na watu wawili. Nilishika ncha mbili, yeye akashika mbili, tukawa tunasogeleana na kuachana. Nikamuuliza, kwa Kinyarwanda, mama alimweleza nini zaidi, miezi yote ile. Akaanza kunihadithia bila kusimamisha mikono. Kwamba mama alijifungua siku ya gulio na kesho yake akawa sokoni, mimi nikiwa kwenye beseni la karanga. Kwamba baba, usiku wa mvua, alikuwa akimwimbia mama kwa Kinyarwanda, naye hakuelewa neno na hakutaka atafsiriwe. Kwamba siku niliyoondoka na begi langu mama alinisindikiza hadi stendi, akarudi, akauza dagaa wote kwa bei yoyote waliyotaja watu, mara moja tu katika maisha yake.

Hakuna hata moja ambalo mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa napewa utoto wangu kwa Kinyarwanda, na mwanamke ambaye hakuwepo.

"Niambie kwa maneno yake," nikasema. "Kama alivyosema yeye."

"Yapi?"

"Yoyote."

Akasimama, kitenge kimetanuka kati yetu. Akatazama pembeni, kwenye simu iliyolala mezani, kama mtu anayetafuta noti kwenye pochi. Kisha akasema kwa Kiswahili, sauti ikiwa ya chini, ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia lugha hiyo kinywani mwake:

"Alisema, 'Huyu mtoto iko anajisifu tangu hana hata meno. Usimkate. Mwache amalize, halafu umpe chakula.'"

Mama yangu hajasema "iko" namna hiyo maisha yake yote. Mkwaruzo, lakini, ulikuwa wake, na ile namna ya kupandisha sauti kwenye chakula.

Nilibaki nimeshika ncha zangu mbili, nikingoja kama kuna zaidi. Akavuta upande wake kitambaa kikanyooka, akanisogelea, tukakunja.